Heka 15 za tikiti kuiva wiki moja: uchambuzi wa kisa cha kikundi kilichoiga shamba la kwenye TV

Kuhusu kisa hiki

Majina, kijiji, ofisi ya hawa watu na jina la kipindi nimeviondoa vyote, wenyewe wamekubali niandike kwa sharti hilo. Hela nimeziweka kwa makadirio ya karibu ila uwiano wake haujabadilika. Mimi ni bwana shamba, nilianza kuitwa kwao tikiti likiwa limeshaanza kutoa maua, kwa hiyo ya kabla ya hapo nimeyatoa kwenye daftari lao la matumizi, kwenye meseji za grupu lao na kwa msimamizi wao wa shamba. Nimekiandika kwa urefu kwa sababu simu za namna hii napokea kila msimu, mtu kaona shamba kubwa la kibiashara kwenye televisheni, kachukua akiba yake ya miaka kaipeleka shambani, afu miezi minne mbele anauliza kosa lilikuwa wapi, na watu wanamjibu tu kwamba kilimo kina bahati yake. Kosa lina mahali lilipokaa na ukilitafuta unalikuta.

Wahusika, hela na ardhi

Ni watu saba wa ofisi moja Dar es Salaam. Mwenyekiti wao dada mmoja wa uhasibu, na hilo limesaidia sana maana kila risiti ipo, hata ya vocha za msimamizi. Kila mmoja alitoa milioni 6, jumla milioni 42, wawili kati yao hela waliitoa kwenye mkopo wa SACCOS kwa hiyo marejesho yalikuwa yanakatwa kwenye mshahara hata kabla mbegu haijaota.

Walikodi heka 25 Mkoa wa Pwani, kando ya mto, udongo wa kichanga. Kodi laki moja kwa heka kwa msimu, ambayo kwa shamba linalopakana na maji ni bei nafuu mno, na hakuna aliyeuliza kwanini ni nafuu. Msimamizi wakampata kijana wa pale pale kijijini, mchapakazi kweli, alishalima mahindi na ufuta ila tikiti kwa ukubwa ule alikuwa hajawahi.

Mpango ulikuwa tikiti heka 15, mahindi heka 8, nyanya heka 2. Yaani tunda, nafaka na mboga, kama vile vile walivyoona kwenye TV.

Walichokiona kwenye televisheni

Kipindi kilikuwa cha nusu saa, kinatembelea shamba kubwa la kibiashara la mamia ya hekta. Kuna pivoti zinazunguka juu ya mahindi, na kwa asiyezijua, pivoti moja yenye mkono wa mita 400 inamwagilia karibu hekta 50 peke yake, kwa hiyo picha inavutia na ina haki ya kuvutia. Kuna nyanya, hoho, tikiti limelala shambani mpaka upeo wa macho, malori yanapakia. Meneja wa lile shamba anahojiwa, anasema tikiti wanapata tani 40 kwa hekta.

Wenzetu walitoka pale na mambo mawili. Kwanza ile tani 40 wakaiandika ni ya heka. Hekta moja ni karibu heka mbili na nusu, kwa hiyo tani 40 za meneja kwa heka ya mtaani ni kama tani 16. Pili, wakachukua kipeperushi cha muuza mbegu kinachosema kila mche unatoa matunda mawili, wakapiga hesabu: miche 3,300 kwa heka (nafasi ya mita 2 kwa sentimita 60 ndio inakupa idadi hiyo), mara matunda 2, mara shilingi 1,500, karibu milioni 10 kwa heka. Mara 15, milioni 148. Hiyo Eksel nimeiona, imepangwa vizuri kabisa, fomula zote sahihi.

Ila ukiichukua kauli ya meneja mwenyewe ukaigawa, tani 16 kwa miche 3,300 inakuja kilo tano hivi kwa mche, yaani tunda moja zuri kwa kila mche. Kwa hiyo mtaalamu mwenye mamia ya hekta, mwenye maji ya uhakika na maabara, anavuna tunda moja, na kikundi kilichoanza juzi kimepanga kuvuna mawili. Jibu lilikuwa ndani ya kipindi kile kile walichokiangalia.

Mtiririko wa matukio

*Novemba na Desemba 2021.* Vuli ya mwaka ule ilikuwa mbaya, mtakumbuka mto Ruvu ulishuka mpaka Dar ikaingia kwenye mgao wa maji. Mto wa hawa wenzetu (siutaji) nao ulikuwa chini. Wakaona bado una maji, wakaendelea. Kusafisha shamba, kulima na trekta, pampu mbili za petroli za inchi 3. Dripu (mipira inayodondoshea kila mche maji yake) waliipigia bei kwa heka zote wakaona haiwezekani, wakaamua kumwagilia kwa mifereji. Mahindi yakapandwa katikati ya Desemba, nyanya zikawekwa kitaluni.

Hapo hapo bajeti ikaanza kuyumba. Kipindi kilikuwa kimerekodiwa zamani, na bei za mbolea zilipanda sana mwaka 2021 mpaka 2022, ruzuku ya serikali ilikuja kuanza Agosti 2022 wakati wao wameshamaliza. Kila mfuko ulikuwa unakula hela ambayo kwenye Eksel ilikuwa imeandikwa "dharura".

*Wiki ya kwanza ya Januari 2022.* Tikiti heka zote 15 zikapandwa ndani ya wiki moja. Mnisamehe narudia hili mara nyingi ila ndio moyo wa kisa. Ramadhani ya mwaka ule ilikuwa inaanza mwanzoni mwa Aprili, tikiti linachukua siku 75 mpaka 90, kwa hiyo ukipanda mwanzoni mwa Januari unavuna mwisho wa Machi, unaingia sokoni mfungo unaanza. Hesabu ya tarehe haina kosa. Ila Mkoa mzima wa Pwani unaijua hesabu hiyo.

*Katikati ya Februari.* Ndio nikaitwa. Mwenyekiti alinipigia akasema, "Kaka, miche inanyauka upande mmoja na maji tunamwagilia kila siku, tunaongeza maji au tunaweka dawa?" Nikamwambia asiongeze chochote nakuja.

Nilikuta heka 4 za upande wa chini zina mnyauko fusari. Unaujua kwa kuona mkono mmoja wa mche umenyauka wakati mwingine bado mzima, ukichana shina ndani lina michirizi ya kahawia. Huo ugonjwa unaishi udongoni miaka mingi na hauna dawa ya kupuliza ukaisha. Tukamuuliza mwenye ardhi, akasema bila kuficha kwamba mpangaji aliyepita alilima tikiti pale misimu miwili mfululizo. Ndio sababu ya bei nafuu hiyo.

Heka 11 zilizobaki zilikuwa na maua mengi ila vitunda vichache, na vingi vimekaa upande, vimevimba mwisho mmoja. Nikamuuliza msimamizi dawa ya wadudu anapuliza saa ngapi. Akasema, "Shikamoo bwana shamba, napuliza saa mbili asubuhi kabla jua halijawa kali." Ua la tikiti linafunguka asubuhi na kufunga mchana, siku moja tu, na chavua yake inanata, haipeperushwi na upepo, lazima nyuki aje, tena aje mara nyingi kwenye ua moja ndio tunda likae vizuri. Kwa hiyo kila alipopuliza alikuwa anawaua au kuwafukuza wale wale waliokuwa wanakuja kumfanyia kazi bure. Kijana aliumia sana aliposikia, na nilimwambia wazi kwamba hilo halikuwa lake, hakuna aliyemfundisha.

Na pampu. Zilikuwa zinaunguruma toka alfajiri mpaka usiku.

*Mwisho wa Februari.* Wakaja watu wa maji wakauliza kibali cha kutumia maji ya mto. Kibali hicho kinatolewa na bodi ya maji ya bonde, kipo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na mwaka ule wa ukame wote waliovuta maji walikuwa wanaangaliwa kwa karibu, ni haki yao maana chini ya mto kuna watu wanakunywa. Kikundi hakikuwa nacho. Pampu zikasimama siku kadhaa mpaka maombi yalipopelekwa na wakaruhusiwa kwa muda kuvuta kwa masaa machache. Tunda lililokuwa linakua likakaa na kiu, afu maji yakarudi kwa pamoja. Matokeo ya kiu na mafuriko kwenye tikiti ni kupasuka na kuoza kitako, na yote mawili tuliyaona.

*Machi.* Nyanya zikaliwa na kantangaze. Huyu mdudu katoka Amerika Kusini, hapa Tanzania alionekana 2014, lava (kiwavi) wake anachimba ndani ya jani na ndani ya tunda na amezoea dawa nyingi, ukimkuta tayari ameshachora majani yote umechelewa. Mahindi yalisalimika, nitaeleza.

*Tarehe za mwisho za Machi na wiki mbili za Aprili.* Tikiti likaiva. Lote. Fuso la kwanza likaondoka na matunda kama 2,000 kwa shilingi 1,200 shambani, kila mtu kwenye grupu akatuma emoji za kushukuru. Baada ya siku nne wakala akapiga simu kwamba Dar mzigo umejaa, majirani wote wamevuna, tunda lile lile ni 400, kesho yake 350, na hilo dogo hachukui. Halafu mvua ikanyesha, barabara ya vumbi ikawa tope, Fuso halishuki mpaka shambani.

Maamuzi waliyofanya na sababu zake

Kupanda yote wiki moja hawakuamua kwa uzembe. Trekta lilikuwa limekodiwa kwa muda mfupi, vibarua walikuwa kundi moja, na wao wenyewe walikuwa kwenye likizo ya mwaka mpya kwa hiyo waliweza kuwepo shambani. Ukiwa mkulima wa wikiendi unapanda siku ambayo upo, na nawaelewa.

Kuacha dripu kulitokana na hela. Hapa ndio pangekuwa pa kupunguza heka, walipunguza dripu badala yake.

Uamuzi mgumu kuliko wote ulikuwa wa mwisho wa Februari, kuziacha zile heka 4 zenye mnyauko. Kikao kilikuwa cha usiku kwa simu, watu wawili walipinga kwa nguvu, mmoja akasema "jamani hela imeshaingia pale, tukiacha tumetupa." Mwenyekiti akawaonyesha hesabu ya petroli: pampu ya inchi 3 inakula lita moja na nusu mpaka mbili kwa saa, na heka zile zinakunywa maji ambayo heka 11 nzima zinayakosa. Akasema hela iliyoingia imeshaingia, tunaongelea ya kesho. Kura zikawa tano kwa mbili.

Uamuzi mwingine ulikuwa wa kuuza mahindi yakiwa mabichi. Mpango wa mwanzo ni kuyakausha wauze magunia. Katikati ya Machi walikuja wanunuzi wa mahindi ya kuchoma na kuchemsha, wakanunua shambani, na kikundi kikakubali kwa sababu mbili: hela ya mafuta ilikuwa imeisha, na kuondoa mahindi kunaachia maji yote yaende kwenye tikiti wakati tunda linajaza.

Na wa mwisho, Aprili, soko lilipoanguka: dada mmoja kwenye kikundi akasema tusimpe wakala yote, tulete Canter mbili Dar tuuze wenyewe. Wakawapigia wenye magenge, wauza juisi, watu wa ofisini na misikiti miwili inayofuturisha. Canter mbili zikauzika kwa wastani wa 1,500 kwa tunda.

Matokeo

Heka 11 zilitoa matunda ya kuuza kama 15,000 na kitu kidogo. Kwa miche zaidi ya 36,000 hiyo ni chini ya nusu tunda kwa mche. Kama 2,500 kati ya hayo yaliozea shambani au yakagawiwa kijijini. Mapato ya tikiti yote baada ya usafiri yalikuja milioni 7 na nusu hivi, na zaidi ya milioni 2 kati ya hizo ni zile Canter mbili tu. Mahindi yakaleta karibu milioni 9. Nyanya laki nane.

Jumla milioni 17 na kitu, kwenye mtaji wa milioni 42. Pampu na mabomba vilibaki. Watatu wakajitoa kwenye kikundi, na wale wenye mkopo waliendelea kukatwa mwaka mzima uliofuata.

Uchambuzi: shamba la kwenye TV lilifanyaje na hawa walifanyaje

Mwezi Mei tulikaa na wanne waliobaki tukakiangalia kile kipindi tena, tunasimamisha kila baada ya dakika mbili. Niliwaomba wasimsikilize mtangazaji, waangalie nyuma yake. Kusema kweli kile kikao kiliwafaa kuliko ushauri wangu wote wa awali.

Nyuma ya meneja anapohojiwa kuna tikiti limeiva. Kushoto kwake kuna kipande ambacho miche bado midogo haijatambaa. Mbele kidogo kipande kingine kimevunwa kimebaki majani makavu. Yaani lile shamba halijapandwa siku moja, limepandwa vipande vipande kwa tarehe tofauti, na hakuna mtu aliyelitaja hilo kwenye nusu saa nzima kwa sababu kwa watu wa shamba kubwa ni jambo la kawaida kiasi kwamba halina habari. Pembeni ya shamba kuna mizinga ya nyuki imepangwa mstari, inaonekana kwa sekunde chache. Kuna bwawa, kuna nyumba ya pampu yenye nyaya za umeme mkubwa. Lori linalopakia lina nembo ya mnunuzi, yaani mnunuzi ndiye aliyeleta gari, mzigo umeshauzwa kabla haujakatwa.

Hawa walichoiga ni ukubwa. Kilichokuwa kinalibeba lile shamba ni kalenda.

Chukua maji. Kwenye joto la Pwani heka moja ya tikiti inayojaza tunda inataka milimita kama 5 kwa siku, ambayo kwa mita za mraba 4,000 na kitu ni lita 20,000. Heka 15 zikiwa na umri mmoja zinataka lita 300,000 kwa siku, siku hizo hizo, wiki hizo hizo. Pampu imeandikwa lita 1,000 kwa dakika, ila hiyo ni ikiwa mdomo wa maji uko sawa na mto. Ukipandisha ukingo na kuvuta bomba refu unapata nusu au pungufu, tuseme lita 30,000 kwa saa. Pampu mbili, masaa matano kila moja. Sawa, inawezekana kwenye karatasi. Sasa weka mifereji kwenye kichanga ambapo nusu ya maji inazama njiani kabla ya kufika kwenye mche wa mwisho, ni masaa kumi, na mahindi heka 8 na nyanya bado hujazihesabu. Ndio maana pampu zilikuwa zinaunguruma mpaka usiku na bado mstari wa mwisho una kiu. Kama heka zile zile 15 zingepandwa kwa awamu tano, wakati awamu ya kwanza inajaza tunda awamu ya nne ina majani manne tu na inakunywa kidogo sana. Pampu zile zile zingetosha.

Chukua vibarua, ni hivyo hivyo, palizi ya heka 15 ilifika siku moja wakakosa watu kwa sababu majirani nao walikuwa wanapalilia. Chukua nyuki, maua ya heka 15 yanafunguka pamoja kwenye eneo ambalo halina mzinga hata mmoja, wakati ushauri wa kawaida ni mzinga mmoja mpaka miwili kwa heka.

Na chukua soko, ambako kidonda ndio kikubwa. Tikiti haliivi zaidi likishakatwa, kwa hiyo huwezi kulikata changa likaivia njiani, na huwezi kuliacha shambani wiki tatu ukisubiri bei. Unalikata pale kikono (kile kikamba kilichojikunja) kilicho jirani na tunda kinapokauka na doa la tumboni linapogeuka njano, basi. Kwa hiyo tarehe ya kupanda ndio tarehe ya kuuza, ukipanda yote siku moja umejiuzia yote siku moja, na bei ya siku hiyo iwe yoyote itakayokuwa. Mashamba makubwa ya mananasi yanaenda mbali zaidi, yanauamsha mmea utoe ua kwa gesi ya ethilini ili kipande hiki kivunwe mwezi huu na kile mwezi ule, mwaka mzima. Wale wa maharage machanga ya kwenda Ulaya kule Arusha na Kilimanjaro wanapanda karibu kila wiki. Hakuna hata mmoja wao anayebahatisha.

Mzee mmoja jirani yao, mkulima wa siku nyingi, nilimsikia akiwaambia, "Wanangu, huku Januari kila mtu anapanda tikiti la mfungo, mngeniuliza tu." Hawakumuuliza kwa sababu kwenye vichwa vyao mwalimu alikuwa kwenye TV, na mzee ana heka mbili. Hili linaniuma kuliko mengine maana lilikuwa halina gharama hata senti.

Kwa upande wa kilichofanya kazi, naanza na mahindi. Viwavijeshi vamizi vimeingia Afrika 2016 na kwetu 2017, na msimu ule vilikuwepo. Msimamizi alikuwa anapita kila alfajiri anafungua mioyo ya mahindi, akiona vinyesi vya kiwavi anapuliza mapema kikiwa bado kidogo, sio kinapokuwa kimejificha ndani. Hakuna kipindi kilichomfundisha, ni uzoefu wake wa mahindi. Ukimweka mtu kwenye zao analolijua unapata faida ya mtu huyo. Na kuuza mabichi ndio kulikookoa hela ya mafuta, bila hiyo hata hizo heka 11 zisingefika.

Kuacha heka 4 kulikuwa sahihi, na nawaheshimu kwa lile. Nimeona vikundi vingi vikimwagilia maiti kwa sababu ya kuona aibu. Ila pia niseme, usahihi wake ulitokana na daftari, mwenyekiti asingekuwa na gharama ya petroli kwa kila heka wangebishana kwa hisia mpaka asubuhi.

Canter mbili nazo zimeonyesha kwamba wao kama watu wa Dar walikuwa na kitu ambacho hata lile shamba kubwa halina, yaani watu. Ofisi, misikiti, magenge ya mtaani kwao. Hawakukihesabu kama mtaji mpaka siku walipobanwa.

Kuhusu televisheni yenyewe sina ugomvi nayo. Vipindi vingi vya kilimo vinalipiwa na wauza pembejeo, kwa hiyo vinaonyesha mbegu, dawa na mavuno, na siku ya mavuno ndio siku yenye picha. Siku ya kuomba kibali cha maji haina picha. Ningependa sana watengenezaji wamuulize mkulima maswali matatu tu mbele ya kamera: ulipanda tarehe ngapi na ngapi, nani alishakubali kununua kabla hujapanda, na mwaka uliopata hasara ilikuwaje. Mtazamaji angeondoka na kitu.

Msimu uliofuata

Wanne waliobaki walirudi Juni 2022, kwenye heka 4 tu za ardhi nyingine kwenye kijiji kile kile, ambayo kwa maelezo ya mwenyewe na ya majirani haijawahi kulimwa tikiti wala tango. Walipanda heka moja moja kila baada ya wiki mbili. Dripu wakanunua ya heka 2, nyingine wakamwagilia kwa mifereji mifupi. Wakakodi mizinga kwa mfugaji nyuki wa jirani na dawa ikahamia jioni.

Haikwenda sawa yote. Heka ya pili ilishambuliwa na nzi wa matunda, mitego iliwekwa kwa kuchelewa na matunda mengi yakaoza kwa ndani. Heka ya kwanza na ya tatu zilitoa vizuri, karibu na tunda moja kwa mche. Kwa kuwa kiangazi kina baridi kidogo tikiti lilichelewa kuliko walivyopanga, la mwisho likatoka mwanzoni mwa Oktoba, na ilikuwa bahati maana mwezi huo huo mito ilianza kushuka tena na Dar ikarudi kwenye mgao. Walirudisha gharama zote na kubaki na milioni 3 na kidogo kwa wanne.

Yule mzee jirani sasa wanapanga naye tarehe. Yeye akipanda wao wanasubiri wiki mbili, na wote wawili wanampigia wakala mmoja kabla ya kununua mbegu. Kwa Ramadhani ya 2023 tikiti hawakupanda kabisa, walikaa na mzee wakaona kijiji kizima kinalipanda, wakaweka mahindi ya kuuza mabichi heka 3 na bamia heka moja. Nyanya bado wanaziogopa, na maombi ya kibali cha kudumu cha maji nilipoongea nao mara ya mwisho yalikuwa yanashughulikiwa.